Embrayage yenye Kuteleza

Bandugu, leo nilikaza embrayage mpaka iliacha kuteleza milele!

Ni ile ya girobroyeur, mashine ya kukata majani yenye trakta inakokota; embrayage ndiyo chuma inapitisha nguvu ya trakta ku visu.

Shemeji yangu, Mama Furaha, aliniita ku shamba yake, njia ya Kambove. Kesho balimaji banaingia, na majani iko juu ya kichwa.

"Shemeji, ikigusa kisiki, embrayage inateleza."

Kuteleza? Embrayage ya namna ile ni mulevi ku kazi!

Nikakamata clé, spana yangu, nikakaza maressort yote, zile springi zenye kuibana, mpaka mwisho.

"Lakini benye kuniuzisha mashine balinambia iteleze kidogo, juu boîte ya gia isipasuke."

"Mama, banani hao? Miye nikikaza, ata tembo haifungule!"

Trakta ikaondoka. Majani inalala sawa nywele ku coiffeur mwenye kunyoa. Mama anapiga mikono, miye napiga selfie.

Kumbe mu majani muko kichuguu, ngumu sawa béton.

PAAA!

Boîte ikapasuka, mafuta yote chini.

Nikasema: "Shemeji, uliona? Embrayage haikuteleza."

Akaniletea coupe-coupe, panga ya kukata majani na mukono.

"Kamata. Hii haina ressort ya kukaza."

Donc niko hapa mu majani. Mwenye kuwa na coupe-coupe, akuye mbiyo kunisaidia. Benye kucheka, mubakie kwenu.