Ile siku niliomba bavis

Mucheke tu, juu hii haya nimeibeba miye peke yangu siku mingi, na sasa naona afazali tuibebe bote.

Munayua atelier yetu ya kushona kule Kamalondo: iko miye, Kambo Bernadette, iko Mama Odile wa mashine ya ku mulango, Mama Kabulo wa bifungo, na Fifi, mudogo yetu. Chorale ya paroisse, baimbaji ba kanisa, ilitaka tushone robe ya fête, nguo ya sikukuu, ya bamama bote, lakini kwanza modèle moja, na kama haibapendeze banapeleka kazi ku atelier ingine, kule Katuba. Nikashona ile modèle na col kubwa ya kuzunguka shingo (miye na col! hata mbinguni nitaingia nayo). Nikauliza: "Iko muzuri, ao?"

"Iko muzuri, Kambo," bote mara moja.

Sasa mukubwa akiuliza vile, nani ataitika apana? Roho ikakataa, njo nikaenda kuuliza mujukuu wangu Nathalie, mwenye anatumika ku bureau. Akasema: "Kambo, kwetu chef anaomba avis, kila muntu anasema mawazo yake." Avis! Ile neno ikanikaa mu kinywa kama bonbon. Ningesema tu "mawazo", lelo hamungenicheka, lakini miye nikasimama kati ya atelier, nikakohoa kama chef, nikasema: "Kesho Mama Présidente wa chorale anakuya. Kila muntu alete bavis yake juu ya modèle!"

Miye nilisema ba-avis. Benyewe bakasikia bavis, ile byuma ya kukaza mbao, ya kuzungusha na tournevis. Na juu bananiheshimu, hakuna hata mumoja aliniuliza ni ya nini.

Asubui Mama Odile akamwanga bavis mukono muzima juu ya meza. "Ya kitanda, Kambo. Bwana yangu amelala chini, anakutukana." Mama Kabulo alifungua na kutosha ya mukono ya sufuria. Fifi alisahabu yake ku nyumba, basi kimya kimya (hii tuliyua nyuma) akaitosha ku kiti ya bateja.

Mbele nifungue kinywa, Mama Présidente akaingia, muzito, wa heshima, na kofia. "Jambo bamama." Akakaa. Kiti ikalia krrr, miguu ikaenda kila moja njia yake, na Mama Présidente huyo chini, kofia mu macho. Nikakimbia kumuinua, nikakanyaga bavis yenye ilianguka, tukawa bawili.

"Kambo, si ulisema tulete bavis!" Fifi analia.

"Avis! Nilisema avis! Mawazo yenu juu ya robe!"

Macheko ikamushinda Mama Odile. "Haa, kumbe njo ile? Basi yangu ni hii: ile col iko sawa sahani ya bukari!"

"Na mikono inabana," Mama Kabulo naye. "Muntu atainua mikono kumusifu Mungu aje?"

Mama Présidente akajibu kutoka kule chini: "Bamama, muniinue kwanza. Kisha mukate ile col."

Tukakata, na kazi ikabakia kwetu. Lakini avis sitaomba tena, wala sitauliza kama iko muzuri. Sasa nauliza: "Munaona tutoshe nini, tukate nini?" Kisha nafunga kinywa, na Fifi njo anasema wa kwanza, mbele ya bakubwa. Inauma, haki ya Mungu. Jana alisema tutoshe mifuko, na miye ile mifuko nilikuwa naipenda sana. Nikaitika, "Aksanti, mama," nikaenda kutafuta makasi, polepole.