Fundi Pancha Asiye na Mate

Wewe cheka tu. Mume wangu alicheka, katekista wetu alicheka kidogo kisha akanyamaza, na mimi mwenyewe kabla ya siku ile ningecheka kuliko wote. Mimi ni mama wa biashara, nauza dagaa na samaki wa ziwani pale sokoni Mbinga. Mtu akianza habari za mizimu na misukule mbele ya meza yangu huwa namwambia anunue au asogee, ananizibia wateja. Lakini hili ninalokusimulia sikulisikia kwa mtu. Lilinipata mimi, mchana, nikiwa na akili zangu zote, sijaonja hata tone la ulanzi.

Baba yetu alikuwa ametimiza mwaka tangu tumzike. Kwetu ni ufukweni mwa Ziwa Nyasa, unapita Mbamba Bay unaelekea upande wa Liuli, ingawa mimi nimeolewa huku juu milimani. Mwaka ukitimia, tunajengea kaburi, padri anabariki msalaba, watu wanakula, ndipo tunasema msiba umekwisha. Nikagawana kazi na mdogo wangu Osmundi, kitinda mimba wetu, ambaye ni seremala kule Kigonsera. Mimi nibebe saruji, mahindi na masufuria kwenye kirikuu yangu, kale kagari kadogo ka mizigo. Yeye achonge msalaba, aufunge kwenye pikipiki, aje nao. Nilimsihi tuongozane, akasema rangi ya msalaba haijakauka, nitangulie tu atanifuata. Basi nikatangulia. Hilo ulishike, kwamba mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, barabara ileile.

Siku hizi kutoka Mbinga kushuka ziwani ni lami safi, tunamshukuru Mungu, ila lami haikuuondoa mlima. Kama umepita unazijua kona zile. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde ambalo mimi silitazami. Alasiri hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara, mzito, nikawa naendesha huku nimeinamia kioo na taa nimewasha, sioni mbali. Katikati ya mteremko gari likaanza kunivuta upande wa kushoto. Nikajua tu. Tairi la nyuma.

Nilisimama palepale kwenye kona, maana pembeni hapakuwa na nafasi. Breki ya mkono ya kirikuu yangu ni pambo, na gari lilikuwa limebeba saruji, kwa hiyo nikafanya kile ambacho kila dereva wa milima hii anafanya. Nikatafuta mawe mawili makubwa chini ya ukuta wa mlima, nikayaviringisha, nikayaweka mbele ya magurudumu ili gari lisije likaondoka lenyewe. Spea usiniulize. Ilikuwa chini ya saruji, nayo haina upepo. Nikakaa kwenye bampa nikijilaumu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

“Pole na safari, mama.”

Sikusikia hatua zake. Alikuwa amesimama karibu na tairi, mwanamume mwembamba, koti la kijivu, begani ana mfuko wa turubai, mkononi pampu. Mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Nilimhurumia, nikadhani ni maisha tu.

“Asante, fundi,” nikasema. “Wewe umetumwa na Mungu.”

Hakucheka. Akapiga magoti, akapapasa tairi polepole mpaka akaukuta msumari, msumari wa bati. Akauchomoa kwa koleo. Akachukua chuma chenye meno, akakiingiza kwenye tundu, akakipeleka mbele na nyuma kulisafisha. Kisha akatoa ile kamba nyeusi ya kuzibia, akaipaka gundi, akaipitisha kwenye tundu la sindano yake, akaisukuma ndani kwa kifua chote na kuichomoa sindano kwa mkupuo mmoja. Kamba ikabaki. Akakata mikia yake kwa wembe. Nimewaona mafundi wengi wa pancha, lakini huyu alifanya kazi kwa heshima, kama anayemfunga mtu kidonda. Akaanza kupiga pampu.

Mimi nikikaa kimya naumwa, kwa hiyo nikamsemesha. “Unakaa wapi, fundi?”

“Hapahapa.”

“Hapahapa wapi? Hapa pana nyumba?”

Akaendelea kupiga pampu. Ni hapo nilipoona kitu ambacho sikukitilia maanani kwa wakati ule. Kwa baridi ile pumzi yangu ilikuwa inatoka moshi kila nikisema neno. Yeye aliyekuwa akipiga pampu kwa nguvu, mdomoni kwake hapakutoka kitu.

Tairi likajaa. Sasa unajua mafundi wetu wa barabarani wanavyopima. Akiwa na maji atamwagia, akiwa hana anatema mate juu ya tundu, akaangalia kama yatatoa povu. Yasipotoa, umepona. Yule fundi akainuka kidogo, akanionyesha kwa kidole pale alipoziba.

“Tema mate, mama.”

Nikamtania. “Kwani wewe huna mate?”

Akanitazama. Kisha akafungua mdomo.

Naomba uniamini hapa, kwa sababu nikikuongopea sipati faida yoyote. Ndani ya mdomo ule mlikuwa mkavu. Sikuona ulimi. Niliona vumbi, vumbi la kijivu la barabara, limejaa mpaka kwenye meno, na sisi tumesimama ndani ya ukungu ambao ulikuwa umelowanisha hata nyusi zangu. Naye akafumba mdomo taratibu, kama mtu aliyeona aibu, akaendelea kuninyooshea kidole kwenye tairi, akisubiri.

Ungefanyaje? Mimi nilitema. Sijui niliyapata wapi mate, lakini niliyapata, yakaangukia pale kwenye kamba. Hayakutoa povu. Yule mtu akayatazama mate yangu kwa muda mrefu, jinsi mgonjwa anavyotazama kikombe cha maji alichokatazwa. Ile picha bado inanitia huzuni kuliko hofu.

“Nikupe nini?” nikauliza.

“Sitaki kitu. Ukiondoka, toa mawe yako.”

“Nitatoa.”

Nilisema nitatoa, na sikutoa. Nilirukia kwenye gari, nikarudi nyuma kidogo, nikakata usukani, nikayapita mawe pembeni na kuteremka mbio. Sikutazama hata kioo. Nilikuwa nasali Salamu Maria, naianza, naikosea, naianza tena.

Nilipofika kwenye nyumba za kwanza chini ya mlima ukungu ulikuwa umekwisha. Watoto wanacheza, mama mmoja anatwanga. Nikasimamisha gari nipumue. Simu ikaita. Osmundi.

“Dada, umefika wapi? Mimi ndiyo naanza kushuka.”

“Osmundi, sikiliza…”

“Huku ukungu tu, sioni kitu. Lakini nimeuzoea mlima, usiwe na wasi…” Ikakata.

Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Na ni wakati huo, nikiwa na simu sikioni, nilipoyaona yale mawe kichwani mwangu. Mawe mawili, makubwa, yamekaa katikati ya njia ya kushukia, kwenye kona, ndani ya ukungu. Na mtoto wa mama yangu anakuja juu ya pikipiki, nyuma amefunga msalaba.

Niliogopa kurudi. Nakwambia wazi, niliogopa sana. Lakini Osmundi nimembeba mgongoni mimi. Mama akienda shambani kwenye mihogo, mimi ndiye niliyekuwa mama yake. Nikageuza gari.

Kirikuu yenye saruji haipandi mlima, inaomba. Nilikwenda gia ya chini, honi nimeibana, nikitumaini ataisikia kutoka huko juu. Ukungu ukatumeza tena. Nilipoikaribia kona nikasimamisha gari chini yake kidogo, nikalibananisha na ukuta wa mlima ili lisiende, nikaacha taa zinawaka, nikakimbia kwa miguu.

Alikuwepo. Alikuwa amekaa juu ya jiwe moja, mgongo ameupa kwangu, uso ameupa juu kwenye barabara, mikono ameitandaza pembeni kama anayemzuia ng'ombe asiingie shambani. Koti lake lilikuwa kavu kabisa. Nikasikia na pikipiki, mbali, inashuka.

“Fundi, sogea!” Sikujua kama nalia au nafoka. “Kwa nini hukuyatoa wewe?”

Akageuka. “Mimi hayanyanyuki, mama. Ningekuwa naweza, ningelitoa lile langu.”

Alisema hivyo tu, kisha akasimama kunipisha. Nikalikumbatia jiwe la kwanza, nikalivuta, nikaliangusha mtaroni. La pili ndilo lililokuwa kubwa. Mwanzo nililiviringisha kufuata mteremko, sasa nililazimika kulipandisha ukingoni mwa mtaro. Halikutikisika. Pikipiki ikaingia kona ya juu, nikaona mwanga wa njano unatembea ndani ya ukungu. Kucha zangu mbili zilichomoka bila mimi kusikia maumivu. Nikasema, Baba, kama upo, usimwite huyu, bado ana watoto. Nikavuta tena. Yule fundi alikuwa amechuchumaa mbele yangu, viganja vyake ameviweka kwenye jiwe upande wa pili, anasukuma, na vinapita tu, havishiki kitu. Alisukuma hivyohivyo. Likajitoa. Nikaanguka nalo mtaroni, liko juu ya mapaja yangu.

Osmundi akapita. Upepo wa pikipiki ulinipiga usoni na nikauona msalaba nyuma yake, mweupe, rangi mbichi. Alipoona taa za gari langu akafunga breki, akarudi anakimbia.

“Dada! Unafanya nini humo na jiwe?”

Nililia mbele ya mdogo wangu jinsi ambavyo sikuwahi kulia hata siku tuliyomzika baba. Baadaye nilimuuliza kama alimwona mtu. Alisema aliona taa za gari, na mimi nikiwa mtaroni, basi. Barabara ilikuwa tupu.

Mama ndiye aliyenieleza, usiku ule akiniosha vidole kwa maji ya chumvi. Nilipompa shikamoo aliviona, akaniuliza nimekutana na nini, nikamweleza. Hakushangaa. Alisema palikuwa na fundi pancha anaishi kijiji cha juu ya mlima, mtu mwema, anafuata magari yaliyokwama mpaka kwenye kona. Siku moja aliziba tairi la lori, akamaliza, akaenda zake chini kutafuta chakula. Dereva akaondoka akaacha jiwe. Jioni fundi akawa anarudi kwake na pikipiki, ukungu umeshuka, akaligonga. Jiwe la mteja wake mwenyewe. Wakati wa kumzika walitafuta kiatu chake kimoja hawakukiona, wakamzika hivyo.

“Na mdomo wake,” mama akasema, “ulikuwa umejaa vumbi.”

Kesho yake padri alibariki msalaba wa baba. Osmundi alikuwa amesimama karibu nao, mzima, anawafokea vijana wasiegemee rangi. Nilimtazama nikawaza kwamba nusura tuchonge wa pili. Nikatoa sadaka ya misa kwa ajili ya mtu ambaye jina lake sikulijua siku ile, na sasa kila mwaka namtolea.

Mambo mawili hayajaniacha. La kwanza, kila nikiipita kona ile mate yananikauka. Ninabeba chupa ya maji, nakunywa, na mdomo unabaki mkavu mpaka nifike kwenye nyumba za kwanza. La pili ni lile tairi. Nililipeleka kwa fundi Mbinga, akapapasa pale pancha ilipozibwa, akavuta mkono haraka. Kamba bado ni mbichi. Ina mate, yamelowa kama yametemwa dakika hii, jua liwake lisiwake. Aliniuliza kama aichomoe aweke nyingine. Nikamwambia aiache. Halijawahi kupungua upepo.

Gari langu siku hizi lina vigingi viwili vya mbao, Osmundi alinichongea, vimefungwa kwa kamba kwenye bodi lenyewe. Siwezi kuondoka bila kuondoka navyo. Nawe unayenisikiliza, uwe na lori au na kirikuu, ukikwama mlimani weka jiwe, sikukatazi. Lakini ukipona, shuka ulitoe, hata kama unanyeshewa, hata kama umechelewa kuzika. Usidhani umeliacha lilale peke yake. Kuna mtu atalikalia, ametandaza mikono, akimwangalia anayekuja nyuma yako, na yeye hana uwezo wa kulinyanyua.