Mstari wa Kalamu Mguuni mwa Mama

Viatu vya mtumba alivyonunua mama kwa ajili ya misa vilimbana. Kwenye njia zetu za milimani Mgeta, kiatu kinachobana huumiza zaidi unaposhuka, kwa sababu uzito wote wa mwili huvisukuma vidole mbele. Malengelenge yalipasuka, uchafu ukaingia, mguu ukavimba na kutoa usaha.

Nesi wa zahanati alikisafisha kidonda, akatoa vidonge, kisha akachora mstari wa kalamu kuuzunguka uvimbe.

“Uvimbe ukivuka hapa,” aliniambia, “usingoje kesho. Mlete.”

Asubuhi, siku moja kabla ya tarehe ya kurudi zahanati, nilimkuta mama uani akiusugua mguu kwa sabuni. Mstari ulikuwa umefutika.

“Mama! Umeufuta?”

“Sasa nimpelekee nesi mguu mchafu, aseme sijui kuoga?”

Nilitaka kucheka, lakini niliinama kuutazama mguu. Bila mstari ule sikuweza kujua kama ugonjwa unapanda. Nilipapasa kifundo, nikahisi joto. Je, jana lilikuwepo? Sikuwa na hakika, na asiye na hakika na kidonda hangoji kesho. Tuliomba lifti kwenye lori la kabichi.

Nesi aliupapasa mguu, akamchoma mama sindano. Mstari mpya aliuchora juu ya kifundo.

Mama aliutazama kwa muda mrefu. Jioni, kabla ya kuoga, aliniita kwa sauti ndogo.

“Mwanangu, nifunge mfuko wa nailoni hapa. Mstari usilowane.”

Nilimfunga. Uvimbe haukuuvuka mstari huo.