Sura ya Mwalimu kwenye Chupa ya Mizizi

Kosa la mkemia lilikuwa moja: alijibu swali mezani. Miaka yote aliyosaga mizizi ya chai maabarani, hakuna mkwe aliyetaka kujua anasaga nini. Siku hiyo shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akauliza. Akamweleza: ndani ya mizizi mna saponini, kitu kinachotoa povu, na kwenye sahani ya kioo kimezuia ukungu usiote. Kwenye sahani tu. Hakusema tumbo la mtu.

Haukupita muda akaona chupa dukani. Dawa ya vidonda, kisukari na mikosi. Juu yake, picha ya mumewe amevaa tai. Mwalimu ambaye maisha yake yote hakuuza hata yai.

Alikwenda moja kwa moja uani kwa mama mkwe. Shemeji alikuwa anakoroga sufuria.

“Karibu, bingwa wetu!”

“Ubingwa weka kando. Mizizi umeitoa wapi?”

“Si lile lundo mlilong'oa kwenye shamba la maabara yenu? Lilikuwa linaoza bure.”

Mkemia alishika kichwa. “Shemeji, michai mizee hupigwa sumu kwanza, ndipo ing'olewe. Sisi wenyewe lundo lile hatuligusi!”

Mwiko ukasimama sufuriani.

“Wewe umeinywa?”

“Mimi? Mimi siumwi.”

“Na wewe, mama?”

“Nina chai yangu,” alisema mama mkwe, akitazama pembeni. “Lakini punguza sauti, mwanangu. Majirani watasikia.”

“Ndiyo maana nimekuja, mama. Tunakwenda kuwaambia. Mlango kwa mlango.”

“Tujivue nguo hadharani? Jina la mwanangu!”

“Jina la mwanao liko kwenye chupa ya sumu. Vaa viatu.”

Mama mkwe alinung'unika, alilaani, akatafuta kiatu kimoja kwa makusudi mahali ambapo hakikuwepo. Mwishowe akavaa. Shemeji akafuata nyuma na kapu la kukusanyia chupa.

Dukani ilikuwa imebaki chupa moja.

“Nyingine zimekwenda,” alisema muuza duka. “Watu hawakuuliza hata ni ya nini. Waliona sura ya mwalimu, wakachukua.”

Mkemia aliibandua picha kwa ukucha, taratibu, isichanike. Akaitia mkobani, akamgeukia mama mkwe.

“Haya, mama. Majirani unawajua wewe. Nani atakuwa amechukua? Tuanze na wazee.”