Siku Nilipokizima Kinanda Mbele ya Ligombo la Mjomba

Mimi ndiye niliyemwingiza bibi harusi ukumbini kwa wimbo uliosikika kama mbuzi anayekabwa koo, mbele ya watu wote wa sendofu pale Iringa, na kama kuna mtu bado ana ile video naomba asinitumie, nimeiona vya kutosha.

Mjomba wangu Abeli, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, alitaka kumuaga binti yake Neema kwa ligombo, kile chombo chake cha ubao chenye nyuzi, akimpigia wimbo aliokuwa akimbembelezea tangu mchanga. Kamati ya sherehe ikagoma, eti huo ni muziki wa vilabu vya pombe. Nikajitosa (mdomo wangu huu!) nikasema nitamsindikiza kwa kinanda, maana ndicho ninachopigia kwaya huku Mbeya. Wakakubali shingo upande: bila kinanda, hakuna ligombo.

"Mjomba, kaza nyuzi kidogo zifuate kinanda," nilimwomba kwenye mazoezi.

"Zikifuata kinanda, Neema hatautambua wimbo wake," akanijibu. "Si unasema mashine yako ni ya kisasa? Basi ifundishe adabu."

Nikaifundisha. Sauti za ligombo hukaa katikati ya vitufe, mahali ambapo kinanda hakina kitu, basi nikashinda mchana kutwa kwenye mipangilio nikihamisha sauti ya kila kitufe, huyu namshusha kidogo, yule nampandisha, na ukimshusha mmoja wenzake wote wa noti hiyo wanashuka naye, kushoto mpaka kulia, utake usitake. Tena kinanda chenyewe hakitunzi kitu: ukikizima, kinarudi kama kilivyotoka kiwandani. Lakini tulipopiga pamoja, jamani, nyuzi na vitufe vilipumua kama kifua kimoja, na Mjomba akafumba macho.

Siku yenyewe nilikuwa nimeshakipanga upya na kukiacha kimewaka, mara kompyuta ya didjei ikaganda, bibi harusi yuko mlangoni. Mshereheshaji akanijia mbio.

"Dada, tuokoe! Piga wimbo wa kuingilia."

Nikasema sawa. (Nilijisikia, siwafichi.) Kumbe wimbo wa ukumbini ukiupiga kwa sauti za ligombo unapinda wote, Neema akakosea hatua, matroni akamkanyaga gauni, na mshereheshaji yuleyule niliyemwokoa akasema kwenye maiki, "Jamani, kinanda kimekula nini leo?" Ukumbi ukacheka mpaka wapishi wakachungulia.

Kwa aibu nikakizima, nikakiwasha. Wimbo ukanyooka, makofi, vigelegele, nikajiona shujaa, hadi nilipomwona Mjomba anakuja mbele na ligombo lake, suti imembana mabega, ndipo nikakumbuka nilichokifuta.

Ningesema ukweli palepale. Mimi nikapiga! Akaanza, nikamfuata, na sauti zetu zikagongana kama masufuria yanayoporomoka kabatini. Shangazi Tumaini, mwenyekiti wa kamati, akasimama.

"Si nilisema mimi? Mtoeni na mbao zake, watu wapate kula."

Mjomba akashusha mikono. Hakuniangalia. Hapo aibu ikanigeuka ikawa hasira, nikang'oa waya ukutani, nikamnyang'anya mshereheshaji maiki.

"Kosa ni langu na kinanda changu. Shangazi, kaa. Mjomba, anza upya."

"Makubaliano yalikuwa kinanda!"

"Kinanda kimeshindwa, Shangazi. Ligombo halijashindwa."

Akapiga peke yake. Sitawadanganya kwamba ukumbi ulitokwa machozi. Wengine walishaanza kupanga foleni ya chakula. Lakini Neema aliacha kile kiti chake cha maua, akaja akaketi sakafuni miguuni pa baba yake na gauni lake lote jeupe, akautikisia kichwa kila mpigo, na Mjomba akaurudia wimbo mara tatu bila kumwomba mtu ruhusa.

Shangazi bado hanisalimii vizuri, na sitamwomba radhi. Najutia kitu kimoja tu, kwamba niliwahi kukubali ligombo linahitaji kusindikizwa ndipo liheshimiwe. Kinanda kibaki kwenye kwaya. Mtu akinialika tena penye ligombo nitakwenda mikono mitupu, nipige makofi, na hayo makofi yatafuata nyuzi.