Choo cha Kwenye Ramani

Saa nne na dakika kumi na saba za asubuhi nilisimama kwenye pembe ya njia ya mwisho ya mtaa wetu, hapa Baraka, na sikuingia. Saa hiyo naijua kwa sababu simu iliyokuwa mkononi mwangu iliiandika yenyewe.

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu, mama mmoja anayeuza mikate sokoni. Sisi ni reko, wajumbe wa afya wa mtaa wasiolipwa mshahara. Kipindupindu kilikuwa kimetupitia mara mbili, na kamati ya maji ilikuwa na mabomba ya kutosha robinet moja tu, mfereji wa kuchotea maji wa watu wote. Mahali pa kuijenga pangeamuliwa na ramani. Kiwanja kisicho na choo, ambacho watu wake wanakunywa maji ya ziwa, kingepata alama nyekundu. Kingine chochote kingepata ya kijani. Upande wenye nyekundu nyingi zaidi, wa barabara kuu au wa ziwani, ndio ungepewa robinet.

Ramani ilikuwa kazi yangu. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Kupima nilijifunza mwenyewe, kwanza kwa kamba yenye fundo kila mita, nikiwasaidia majirani kugawana viwanja, baadaye kwa simu. Niliipa kamati sharti moja: hakuna alama bila kuona kwa macho. Kwa siku nne nililishika. Niliinua mikeka iliyofunika mashimo na kuchungulia. Niliwaaibisha watu wazima mbele ya watoto wao, nikiamini kwamba usahihi ni aina ya haki.

Njia ile ya mwisho, upande wa ziwa, ina viwanja vitano, na cha tano ni cha mama mkwe wangu. Kwetu mwanaume haingii kwa mama mkwe ovyo. Hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, na choo chake ni kitu cha mwisho ambacho mkwe angeuliza. Nikimwona barabarani navuka upande wa pili, naye anavuta kitenge kufunika uso. Tumeishi hivyo miaka kumi na minane na sijaona ubaya wake.

"Yaya, tunaingia ao hatuingie?" mwenzangu aliuliza, akiniita kaka kama kawaida yake.

"Hatuingie. Ile njia ninaijua."

"Unaijua namna gani na haujaingiaka?" Akacheka. "Mama mukwe hakuli muntu! We baki hapa, geuza uso. Mi nitaingia, nitaangalia, nitakuambia."

Lilikuwa pendekezo zuri kabisa. Adabu isingevunjika na kazi ingekamilika. Nilimjibu kwa ukali kwamba ramani inataka mkono mmoja. Akainua mabega, akaketi juu ya jiwe na kuanza kujipepea kwa karatasi zangu.

Nilikuwa najificha nyuma ya heshima. Kiwanjani kwa mama mkwe hapakuwa na choo, na aliyeahidi kukichimba ni mimi. Niliahidi mbele ya shemeji zangu wote, mwaka tulipomzika baba mkwe. Kiangazi cha kwanza nilisema saruji imepanda bei. Cha pili nilinunua simu hii. Cha tatu sikusema kitu. Mama alikuwa anakwenda kwenye matete ya ufuko, na jirani zake wote wanne vilevile, na kwenye ufuko huohuo ndiko walikochota maji. Ramani ingebandikwa ukutani kwenye kituo cha afya. Alama nyekundu juu ya kiwanja kile ingekuwa jina langu, na kila mtu angelisoma.

Kiwanja chake peke yake kisingeweza kuwa cha kijani katikati ya nyekundu, watu wangeshtuka. Kwa hiyo nilivipaka kijani vyote vitano. Choo kipo. Maji ya kisima. Alama tano kwa dakika mbili, kutoka pembe moja. Mtu yeyote aliyejua kusoma saa za simu ile angenikamata. Lakini aliyejua kuzisoma mtaani nilikuwa mimi peke yangu.

Hesabu ilitoka hivi: upande wa barabara nyekundu thelathini na moja, upande wa ziwa ishirini na nane. Kama zile tano ningezipaka nyekundu, ziwani wangekuwa na thelathini na tatu. Robinet ilijengwa karibu na barabara. Siku ya kuifungua nilipigiwa makofi, nami nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Mvua ziliporudi, mama mkwe aliugua. Walimbeba kwa pikipiki hadi kwenye mahema ya kipindupindu, akiwa amekauka hata kitenge kilimwanguka usoni asijue. Mke wangu aliingia naye. Mimi nilibaki nje ya turubai, kama inavyompasa mkwe. Siku ya tatu nilisikia sauti yake ndani, nyembamba lakini imenyooka. Aliongea na binti yake, kwa sababu na mimi haongei.

"Ambia bwana yako mi namushukuru. Nimesikia kwa ile karatasi yake niko na choo."

"Mama, pumuzika."

"Niko napumuzika. Muulize tu iko upande gani. Hii juma yote nimekitafuta mbio mbio, sikukiona."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa. Mke wangu hakucheka. Alitoka, akanitazama mara moja, akapita kwenda kuosha ndoo.

Asubuhi hiyo nilimwendea muuguzi mkuu wa kituo na kumwonyesha zile dakika mbili kwenye simu. Hakunitukana, na ingekuwa nafuu kama angenitukana. Aliniomba kalamu nyekundu. Nilipompa, alimwita mwenzangu, muuza mikate, azirekebishe yeye zile alama tano, naye alizipaka akisema polepole, "Nilikuambia mi nitaingia." Bomba halikuweza kung'olewa tena. Kamati iliandika kwamba njia ile itakuwa ya kwanza mabomba mengine yakipatikana. Mpaka leo hayajapatikana. Wanawake wa viwanja vile vitano wanapanda na madumu hadi robinet ya barabarani, na siku wakichoka wanashuka ziwani. Nimepima kwa miguu, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua: hatua mia sita na arobaini kwenda.

Mama mkwe alipopona alihamia kwa dada yake huko Lweba kwa siku kumi, ili mimi niweze kuingia kwake. Nilichimba mwenyewe. Niliweka bamba la saruji juu ya shimo, kuta za matofali, mlango wa bati. Aliporudi, alituma kwangu sahani ya ndagala, dagaa wa ziwani, na nilishindwa kuzila.

Kila kitu nilikiandika kama kawaida yangu: saruji, mchanga, matofali, bati, misumari. Nikapiga jumla ya choo kizima mara mbili. Viangazi vitatu vya kuahirisha vilikuwa vimeniokolea dola arobaini na sita.