Ufagio Usiouliza

Programu yangu ya ufagio siku hizi ina adabu. Ukiandika jina lake tu kwenye dirisha la amri, haigusi kitu. Inakueleza inachoweza kufanya, kisha inangoja. Vijana wanaoitumia hunisifu kwa busara hiyo. Waache wanisifu, hawajui niliipata wapi.

Mwanzoni niliitengenezea ofisi yetu ndogo pale Ibighi, tulipokuwa tukikusanya sauti za wazee wanaosimulia kwa Kinyakyusa. Kazi yake ilikuwa kufuta rekodi za majaribio zilizojaza kompyuta. Unaandika "ufagio", unaongeza jina la rekodi unayotaka ifutwe. Usipoongeza kitu, inafagia folda nzima, bila kuuliza. Niliona huo ndio uhodari. Mwenzangu kazini, mama mtu mzima kutoka kijiji cha Masoko, aliniuliza siku ya kwanza kama isingefaa iulize kwanza.

"Mama, hii ni amri, si posa," nikamjibu, na ofisi nzima ikacheka. Naye alicheka.

Mama yake mzazi alipofariki, sauti yake pekee iliyobaki duniani ilikuwa humo kwenye folda: bikizee akiwaaga wajukuu, mmoja mmoja. Ndugu walitaka isikike siku ya kuanua matanga. Mwenzangu akafungua folda ili aondoe majaribio, abakize ile moja. Akaandika "ufagio", akabonyeza, akaweka mikono mapajani, akangoja aulizwe.

"Mbona haisemi kitu?" akaniita.

Folda ilikuwa tupu.

"Kwa nini hukutaja cha kufuta?"

"Nilidhani itaitika kwanza, mwanangu. Kwetu unapiga hodi, unaitikiwa, mnajuliana hali, ndipo unasema shida yako."

Ningeizima kompyuta papo hapo, huenda ile sauti ingeokolewa, maana kilichofutwa hubaki kwenye diski hadi kingine kiandikwe juu yake. Sikuizima. Nilimhubiria mbele ya wenzetu kwamba mashine haina hodi wala mkwe, na asiyesoma maelekezo asiguse. Maelekezo yenyewe nilikuwa nimeyaandika kwa Kiingereza. Wakati nafoka, kompyuta ilikuwa inapokea rekodi za siku hiyo na kuziandika palepale ilipokuwa ile sauti. Baadaye nikamwambia nimeitafuta wiki nzima, nimeikosa. Uongo mtupu, sikuitafuta hata dakika moja.

Siku ya matanga alisimama mbele ya ukoo wake, kanga ameikaza kiunoni.

"Sauti ya mama nimeifuta mimi, kwa mkono wangu huu. Msimlaumu mtu. Kijana wangu huyu amehangaika wiki nzima kuitafuta. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu."

Wazee wakaitikia, "Ndaga, ndaga." Mdomo wa kusema ukweli nilikuwa nao, ni uleule uliofoka ofisini. Wakanisogezea sahani ya mgeni wa heshima, ndizi na nyama yenye mafuta. Nilikula yote.